Kabla ya Kunywesha Dawa, Uliza Mnyama Amekula Nini

Swali ambalo wafugaji huniuliza kuliko yote ni lile la dawa ipi ya minyoo iliyo kali kuliko nyingine. Huuliza kwa nia njema, mara nyingi wakiwa wameshika chupa tupu ya dawa waliyoinunua kwenye duka la pembejeo, na jibu langu huwachosha kwa kuwa huanza na swali jingine: mnyama huyo amekuwa akila nini tangu mvua zilipokatika? Mzee mmoja wa Mvomero, mkoani Morogoro, aliyefuga kondoo tangu ujana wake, alinitazama kwa muda kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi nimemfuata daktari, sikumfuata mpishi." Tulicheka sote, naye akaondoka na dawa aliyoitaka. Hata hivyo, miaka niliyokaa katika utafiti wa vimelea vya mifugo imenithibitishia kwamba idadi ya minyoo waliomo tumboni, peke yake, haielezi ni mnyama yupi atakayekufa na ni yupi atakayepona. Kondoo wawili wenye mzigo ule ule wa minyoo wanaweza kuwa na hatima mbili tofauti kabisa, na kinachowatenganisha mara nyingi kiko katika hori la kulishia.

Nianze na mnyoo mwenyewe, kwa sababu hesabu zake ndizo zinazofanya habari hii ieleweke. Katika kondoo na mbuzi wa nchi zetu za joto, adui mkubwa ni Haemonchus contortus, anayeishi katika tumbo la nne, lile lenye asidi. Ukimpasua kondoo aliyekufa kwa maradhi hayo na kulifungua tumbo hilo angali na joto, utawaona kwa macho bila hadubini: nyuzi nyembamba zenye urefu wa sentimita mbili au tatu, zikijinyonganyonga juu ya ute. Jike ana mistari miwili iliyosokotana kama kamba, mmoja mwekundu ambao ni utumbo wake uliojaa damu, na mwingine mweupe ambao ni mifuko yake ya mayai. Jike huyo mmoja huweza kutaga mayai 5,000 na kuendelea kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, na penye joto na unyevu huchukua takriban wiki moja kuwa viluwiluwi walio tayari kupanda juu ya nyasi na kumsubiri mnyama mwingine. Akishawameza, wiki tatu hivi baadaye naye huanza kumwaga mayai.

Kila mnyoo hukadiriwa kumpotezea mnyama mililita 0.05 za damu kwa siku. Kiasi hicho kinaonekana si kitu mpaka ukizidishe. Minyoo 1,000, ambao si wengi kwa mnyama anayechungwa kwenye mbuga zenye unyevu, humwaga mililita 50 kila siku. Kondoo wa kilo 25 ana damu ya lita moja na nusu hivi mwilini mwake, kwa hiyo kwa siku 20 atakuwa amepoteza lita moja, yaani theluthi mbili ya damu yake yote. Kama bado amesimama, ni kwa sababu mwili wake umekuwa ukitengeneza damu mpya usiku na mchana. Sasa, damu hutengenezwa kwa kitu gani? Mililita 50 za damu ya kondoo zina protini ya gramu saba hivi, ukijumlisha ile iliyomo ndani ya chembe nyekundu na ile iliyoyeyuka katika majimaji. Sehemu ya protini hiyo iliyovujia tumboni humeng'enywa mbele ya safari, katika utumbo mwembamba, na kufyonzwa tena, lakini mwili hulipia gharama ya kuijenga upya, na kazi hiyo ya kujenga na kubomoa hurudiwa kila siku. Pamoja na hayo kuna ute unaomwagwa kulinda kuta za tumbo, seli za kuta zenyewe zinazobadilishwa upesi kuliko kawaida, na kinga ya mwili ambayo nayo imejengwa kwa protini.

Linganisha mahitaji hayo na kilichopo malishoni. Nyasi za kiangazi katika sehemu kubwa ya Tanzania, zikishakomaa na kukauka, huwa na protini ya asilimia mbili hadi nne tu ya uzito mkavu. Vijidudu vya tumbo la kwanza, ambavyo ndivyo vinavyomwezesha mcheuaji kula nyasi, vinahitaji asilimia saba hivi ili viweze kufanya kazi yake sawasawa. Chini ya hapo vinadhoofu, nyasi zinakaa tumboni muda mrefu bila kusagika, mnyama anajisikia kashiba na kwa kweli ana njaa. Kwa mnyama mwenye minyoo hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu maambukizi yenyewe hupunguza hamu ya kula. Yaani wakati ule mwili unapodai chakula kingi na bora kuliko kawaida, ndipo mnyama anapokula kidogo. Wataalamu wamejadiliana sana kwa nini maumbile yakawa hivyo, na maelezo ni mengi kuliko ushahidi.

Jambo hili halikuachwa katika ngazi ya mantiki. Katika miaka ya 1980, kwenye Chuo Kikuu cha Glasgow, watafiti E. M. Abbott, J. J. Parkins na P. H. Holmes waliwachukua wana-kondoo wa aina mbili, Finn Dorset na Scottish Blackface, wakawaambukiza Haemonchus kwa kipimo kimoja cha viluwiluwi, kisha wakawagawa katika lishe mbili: moja yenye protini nyingi na nyingine yenye protini kidogo. Wale wa protini kidogo waliishiwa damu zaidi, wakapoteza hamu ya kula na wakakonda kuliko wenzao. Kikundi hicho kiliendelea na majaribio katika miaka ya 1990, D. S. Wallace akiwemo, na mwaka 1998 kilichapisha matokeo yanayotugusa sisi kwa karibu zaidi, kwani safari hii kilichoongezwa kwenye lishe kilikuwa urea, chanzo cha naitrojeni kilicho rahisi kwa bei, ambacho vijidudu vya tumbo la kwanza hukigeuza kuwa protini, na bado nyongeza hiyo iliwasaidia wana-kondoo kuukabili mzigo wa minyoo. (Ninaitaja urea kwa tahadhari: ikizidi kidogo au ikichanganywa vibaya huua kwa saa chache. Sijawahi kumshauri mfugaji aipime kwa kukisia.)

Lakini kazi iliyonifanya niichukulie lishe kuwa suala la daktari wa mifugo, badala ya kumwachia mtaalamu wa vyakula peke yake, ni ya Mganda, Eli Katunguka-Rwakishaya. Watu wengi wa Uganda wanamfahamu kwa sura yake ya baadaye, ya Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mimi nilimfahamu kwanza katika kurasa za majarida ya tiba ya mifugo. Mapema katika miaka ya 1990, akiwa Glasgow pamoja na akina Max Murray na Holmes, aliwaambukiza kondoo Trypanosoma congolense, mmoja wa vimelea vya ugonjwa wa nagana vinavyoenezwa na mbung'o, huku akibadilisha kiasi cha protini wanachokula. Kimelea huyu hana uhusiano wowote na mnyoo. Anaishi ndani ya damu, anabadilisha vazi lake la nje kila kinga inapomkaribia, na upungufu wa damu anaouleta hautokani na kunyonywa. Mwili wenyewe ndio unaoziharibu chembe zake nyekundu. Hata hivyo mwelekeo ulikuwa ule ule. Kondoo waliopata protini nyingi waliendelea kuongeza uzito wakiwa na vimelea mwilini, ilhali wale wa protini kidogo walidumaa. Baadaye alichunguza pia kiasi cha nishati katika lishe, na picha ikazidi kujaa.

Naona uzito wa kazi hiyo katika jambo ambalo vitabu vyetu vya chuo vililipitia haraka. Tulifundishwa nagana kama habari ya mbung'o na dawa: mtambue kimelea, mchome mnyama sindano ya diminazini, tega mitego. Hakuna aliyetuuliza kwa nini ng'ombe wawili wa boma moja, waliochomwa dawa siku moja, mmoja hurudi malishoni baada ya wiki mbili na mwingine hubaki akijikokota mpaka kiangazi kinamchukua.

Tofauti ya mambo mawili inapaswa kuelezwa hapa, maana wengi huyachanganya. Lipo suala la ukinzani, yaani uwezo wa mnyama kuwazuia vimelea wasiingie, wasikue au wasizaane. Lipo pia suala la ustahimilivu, yaani uwezo wa kuishi nao bila kuanguka. Lishe bora huongeza ustahimilivu mapema na kwa uwazi. Ukinzani huja polepole, na hautokei kila mara. Ndiyo sababu mfugaji anayeanza kulisha mashudu ya alizeti, yaani masalia yenye protini ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, asitarajie kwamba kipimo cha mayai ya minyoo katika kinyesi kitabadilika wiki ijayo. Kitakachobadilika kwanza ni rangi ya utando wa jicho, manyoya, na hamu ya kwenda malishoni.

R. L. Coop na Ilias Kyriazakis, waliofanya kazi Scotland, walitoa mwaka 1999 maelezo ambayo bado nayatumia kila ninapofundisha. Walisema mwili wa mnyama hugawa virutubisho kwa kufuata vipaumbele. Nikitafuta mfano wa nyumbani, ni kaya yenye debe moja la mahindi mwezi wa pili: kwanza wale waliopo wasife, kisha mengine yatazamwe. Mwana-kondoo huanza na kuutunza mwili alionao, kisha hujifunza kuwatambua vimelea wapya, na ukuaji huja pamoja na kinga kamili kama kuna ziada. Kwa jike mzazi mpangilio ni mwingine: mimba na maziwa hutangulia, na kinga husubiri.

Hapo ndipo penye siri ya jambo ambalo wafugaji wameliona kwa vizazi bila kulipa jina. Jike aliyekuwa na afya miezi yote, akikaribia kuzaa na wiki kadhaa baada ya kuzaa, huanza kumwaga mayai ya minyoo kwa wingi usio wa kawaida. Kinga yake imelegea kwa sababu protini inakwenda kwenye tumbo la uzazi na kwenye kiwele. Mayai hayo huanguka pale pale ambapo mwanawe, asiye na kinga yoyote, ataanza kuonja nyasi. Majaribio yaliyofanywa Scotland na kwingineko yameonyesha kwamba jike akiongezewa protini katika wiki za mwisho za mimba na za mwanzo za kunyonyesha, mmwago huo wa mayai hupungua. Kama ningeambiwa nichague mahali pamoja pa kuweka gunia moja la mashudu katika mwaka mzima, ningeliweka hapo, na nisingemgawia dume hata kiganja, ingawa ndiye anayeng'ang'ania hori kuliko wote.

Tunayapima haya kwa vifaa vya kawaida sana. Kinyesi gramu nne, kilichochukuliwa moja kwa moja kutoka njia ya haja kubwa na si kuokotwa chini, husagwa katika mililita 56 za maji yaliyoshiba chumvi. Huchujwa kwa chujio la chai, maji yake yakajazwa kwenye kioo cha kuhesabia mayai kiitwacho McMaster, chenye vyumba viwili, kila kimoja kikibeba mililita 0.15. Mayai huelea juu kwa sababu chumvi ni nzito kuliko yao, na baada ya dakika chache huonekana chini ya hadubini kama mbegu ndogo za ufuta zenye maganda ya kioo. Kila yai unaloliona katika vyumba vyote viwili linawakilisha mayai 50 kwa gramu. Pembeni, damu kidogo huzungushwa kwa kasi katika mrija mwembamba ili kupima sehemu ya chembe nyekundu, ambayo kwa kondoo mwenye afya haipungui asilimia 27. Nimeona mirija ambayo sehemu hiyo ni asilimia 12, na majimaji yaliyobaki juu ni meupe kabisa, ilhali mwenye kondoo anasimulia kwamba jana alikuwa mzima. Uvimbe laini chini ya taya, ambao wafugaji wengi hudhani ni jipu au kaumwa na nyoka, ni maji yaliyovuja kutoka kwenye mishipa kwa sababu protini ya damu imekwisha.

Je, basi dawa hazina kazi? Zina kazi kubwa, na mnyama aliyefikia hali hiyo ya taya anywe dawa leo, mambo ya mashudu yafuate kesho. Kinachonisumbua ni mazoea ya kunywesha kundi zima kila baada ya miezi mitatu, kwa kipimo cha kukadiria uzito kwa macho, kwa dawa ile ile ya albendazo au ivamektini mwaka hadi mwaka. Usugu wa minyoo dhidi ya dawa umethibitishwa katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Afrika Kusini, ambako tatizo lilifika mapema na kwa ukali, ndiko kulikobuniwa kadi ya rangi tano ya kulinganisha na utando wa ndani wa jicho, inayoitwa FAMACHA, ili anyweshwe yule tu aliyepauka. Mimi huipenda kadi ile kwa sababu ya ziada: anayeitumia hulazimika kumshika kila mnyama, na mikono yake ikishapita mgongoni atahisi pia nani amebaki mifupa.

Aina ya mnyama nayo ina neno. Kondoo mwekundu wa Kimasai, mwenye mkia mnono na manyoya mafupi, alianza kuzungumzwa katika majarida ya kisayansi tangu miaka ya 1970, pale watafiti Preston na Allonby walipoonyesha nchini Kenya kwamba anawakinza Haemonchus kuliko aina za kigeni. Miaka ya 1990, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ililifuatilia jambo hilo Diani, kusini mwa Mombasa, kwa kuwaweka pamoja na Dorper, kondoo aliyezalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930. Katika unyevu ule wa pwani, wekundu walikuwa na mayai machache katika kinyesi, damu nyingi zaidi na vifo vichache. Kwenye nyanda kavu faida hiyo hupungua, na Dorper hujitetea kwa mwili wake mkubwa. Tatizo ni kwamba tangu katikati ya miaka ya 1970 madume ya Dorper yalisambazwa Kenya kwa ruzuku, na kondoo mwekundu halisi akazidi kuwa adimu. Ninavyoona mimi, tulimbadilisha mnyama bila kubadilisha chakula, kisha tukaishangaa dawa.

Vipo pia vyakula ambavyo vyenyewe vina athari kwa minyoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliwanywesha kondoo na mbuzi tanini ya miti ya miwati, ile ile inayotumika kutengenezea ngozi, na kwa kondoo athari dhidi ya minyoo ilionekana kwa uwazi zaidi kuliko kwa mbuzi. Mbuzi ni mla majani ya miti kwa asili yake, na tanini si mgeni kwake. Majani ya lusina, mti wa malisho, yana protini ya asilimia 20 na zaidi, hayanunuliwi, na huota hata kwenye mipaka ya shamba. Yakizidi theluthi moja ya mlo, hata hivyo, sumu yake ya mimosini huweza kumnyonyoa mnyama manyoya. Maganda ya migunga yanayodondoka kiangazi ni zawadi ambayo wachungaji wa kale waliitumia kwa kutikisa matawi kwa fimbo ndefu yenye kulabu, na sioni sababu ya kuyaacha yaliwe na mchwa.

Mipaka ya haya yote lazima isemwe. Hakuna hori litakalomwokoa ng'ombe wa kisasa asiyechanjwa aliyeumwa na kupe wa ndigana kali, wala mbuzi walioingiliwa na sotoka ya mbuzi na kondoo. Sotoka ya ng'ombe, iliyotangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani, haikuondoka kwa sababu ng'ombe walikuwa wamenenepa. Iliondoka kwa chanjo. Lishe ina nguvu zaidi katika maambukizi yale ya polepole, yanayokula mnyama kidogo kidogo, na hayo ndiyo yasiyopata vichwa vya habari.

Labda ndiyo sababu pia hayapati fedha. Niliwahi kupeleka andiko la utafiti kwa mfadhili mmoja, na mhakiki akaipitisha bajeti ya vitendanishi vya maabara bila swali, kisha akaufuta mstari wa kununua pumba na mashudu, akisema chakula cha wanyama ni jukumu la mfugaji. Kwa mantiki hiyo, ningepima kwa usahihi mkubwa namna kondoo wanavyokufa njaa. Mstari ulirudishwa baada ya barua ndefu, na majaribio yakafanyika kwa nusu ya wanyama tuliowataka.

Suala linalonishughulisha kwa sasa ni kalenda. Mimba ya kondoo ni miezi mitano, na katika makundi mengi dume hukaa na majike mwaka mzima, kwa hiyo wana huzaliwa mwezi wowote na huwezi kusema ni wiki zipi za kulisha mashudu. Wamasai walikuwa na njia yao: kipande cha ngozi kilichofungwa chini ya tumbo la dume kumzuia asipande mpaka wakati uliopangwa. Ngozi ile hugharimu kidogo kuliko chupa moja ya dawa. Ugumu ni kwamba mvua zinazoleta majani mabichi kwa jike anayenyonyesha ndizo zinazowaamsha viluwiluwi kwa ajili ya mwanawe, hivyo ukipanga uzazi uangukie mwanzo wa mvua unapata maziwa na minyoo kwa pamoja, na ukiutanguliza wiki nne, jike atazaa juu ya nyasi kavu, akitegemea kile ulichokihifadhi. Tunajaribu mipango yote miwili kwenye makundi ya wafugaji waliokubali, majike yakiongezewa mashudu na lusina kavu wiki sita kabla ya kuzaa, na mzee wa Mvomero ni mmoja wao, kwa sharti kwamba madume yake yasiguswe.